Mwalimu, usiyang'oe: shida ni mate

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Manispaa ya Tabora, nina miaka 52. Hedhi ilikatika mwanzoni mwa mwaka jana, baada ya kunisumbua miaka miwili kwa kutoka nyingi mno. Tangu hapo mdomo umekuwa mkavu, usiku naamka ulimi umegandia kaakaani. Ikifika jioni ncha ya ulimi inawaka kama nimelamba pilipili. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, na meno mawili ya mbele chini yameanza kucheza. Natumia dawa za presha mwaka wa sita sasa, mojawapo inanikojoza sana. Kinachonituliza ni asali, nalamba kijiko kidogo kila baada ya muda. Mama yangu alikuwa kibogoyo alipofika miaka 60, na shangazi ananiambia ndiyo utu uzima huo, kila mtoto aliondoka na jino lake. Nimefikiria ning'oe yote niweke ya bandia kabla sijastaafu, bima ingali mkononi. Unanishauri nini? (Mwalimu M., Tabora)

JIBU: Mwalimu, usiyang'oe. Naanza na hilo kwa sababu najua shule zikifungwa utapata nafasi, utaingia kliniki yoyote useme "toa", na watatoa. Kung'oa ni kazi ya dakika chache.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu. Nimekuzidi miaka miwili tu. Yangu ilikatika nikiwa na 51, na huo ulimi unaogandia kaakaani saa nane za usiku naujua vizuri. Mpaka leo kikombe cha maji kinalala kando ya chandarua changu.

Pengine unajiuliza kama ni kukoma kwa hedhi. Kwa sehemu ndiyo, ila si kwa njia anayoisema shangazi. Mtoto tumboni hachukui madini kwenye meno ya mama yake. Jino likishakomaa halitoi tena kalisiamu ya kumgawia mtu. Wajawazito wengi huharibikiwa meno kwa sababu ya kutapika, kula kidogo kidogo mchana kutwa, na fizi kuvimba kisha mswaki ukaogopwa. Mama yako naye aliishi wakati ambapo jino likiuma dawa yake ilikuwa koleo. Usisome meno yako kwenye mdomo wake.

Kinachotokea ni hiki. Homoni ya estrojeni, ambayo ovari zetu zinapunguza kuitoa umri huu, haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake. Ngozi laini ya ndani ya mdomo, tezi za mate na mfupa wa taya vyote vinaipokea. Ikishuka, ngozi ile huwa nyembamba na rahisi kuchubuka, mate hupungua au huwa mazito, na mfupa huliwa haraka kuliko unavyojengwa. Tunahesabu kwamba mwanamke amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Mdomo hausubiri hesabu hiyo. Siku zikianza kuruka, nao huanza kulalamika.

Katika yote uliyoandika mimi nimeshika neno moja: mate. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na kwa kuwa tunayameza bila kujua, hatuyahesabu kuwa kitu. Ndiyo yanayosuuza mabaki ya chakula, yanayopoza tindikali, yanayorudisha madini kwenye jino kila linapolika kidogo, na yanayozuia fangasi wasijitangazie shamba. Mgonjwa akikaa kwenye kiti changu, kabla sijatazama jino lolote, naingiza kile kioo kidogo na kukilaza kwenye shavu kwa ndani. Kwa mtu mwenye mate kinateleza. Kwa wanawake wengi wa rika letu kinanasa, nikikivuta shavu linakuja nacho kama karatasi yenye gundi. Hapo sihitaji kuuliza kama wanaamka usiku kunywa maji.

Jipime mwenyewe nyumbani. Chukua karanga za kukaanga, konzi moja, utafune bila maji. Zikikataa kushuka, zikabaki unga unaozunguka mdomoni, tunaongea kitu kimoja.

Sasa tufike kwenye asali, na hapa tutagombana, maana namwandikia mtu wa Tabora. Kusema vibaya asali kwenye mkoa huu ni kama kusema vibaya mkwe mbele ya wakwe. Asali ya misitu ya miombo ya Sikonge na Urambo naila, ninayo kabatini, na nikiwa na kidonda cha koo naitumia kama wewe. Lakini karibu asilimia 80 ya asali ni sukari. Vijidudu vya kwenye ukoga havijali kama sukari imetoka kiwandani au kwa nyuki. Vinaila na kutoa tindikali. Kwa mtu mwenye mate ya kutosha, mdomo unachukua kama nusu saa kurudi katika hali yake. Wewe unalamba "kila baada ya muda". Tuseme ni mara kumi kwa siku: hizo ni saa tano ambazo meno yako yamelowekwa kwenye tindikali, na kwa mdomo mkavu kama wako ni zaidi ya hapo, kwa sababu hakuna cha kuipoza. Kijiko kikubwa kimoja ndani ya uji wa asubuhi, ukapiga mswaki, kina madhara kidogo kuliko hivyo vijiko vidogo kumi. Kinachohesabiwa ni mara ngapi, wingi unafuata nyuma.

Nimemtibu mama mmoja aliyekuwa akitembea na kichupa cha asali kwenye pochi, kwa sababu hiyo hiyo ya kwako. Meno yake ukiyatazama kwa mbele yalikuwa meupe, mazuri kabisa. Nikashusha mdomo wa chini. Pale fizi ilipokuwa imerudi nyuma, mzizi ukabaki wazi, kulikuwa na mstari wa kahawia unaozunguka shingo ya kila jino kama uzi uliofungwa. Nilipogusa kwa ncha ya chuma, ikazama. Kama kiazi kilichoiva. Hakuwa na maumivu hata kidogo, na ndiyo sababu hakuja mapema. Sehemu ya juu ya jino ina ganda gumu ambalo huanza kuyeyuka tindikali ikifikia pH ya 5.5 hivi (pH ni kipimo cha ukali wa tindikali, namba ikishuka ukali unapanda); mzizi hauna ganda hilo, huanza kuyeyuka kwa tindikali hafifu zaidi, pH ya 6 na ushei. Fizi zikishuka kwenye umri wetu, mizizi inatoka nje bila koti, na mate ambayo yangeilinda yamepungua. Meno saba tuliyaziba, mawili hayakuokoka.

Kwa hiyo asali ihamie kwenye mlo. Kati ya mlo na mlo piga funda la maji. Pipi za mnanaa zina hesabu ile ile ya asali. Limau la kufyonza huleta mate kweli, lakini linakuja na tindikali yake mwenyewe, liache. Bigijii isiyo na sukari, ukiipata kwenye duka la dawa au duka kubwa, itafune kwa muda wa dakika kumi ukishakula. Kutafuna kunaamsha tezi, na zako bado zinaweza kuamshwa. Na kuna kitu tulichonacho wenyewe ambacho sijaona kikisifiwa kwenye vitabu vya meno: mlenda. Mgonjwa ambaye ugali umegoma kushuka, mpe mlenda, ugali unapita bila kubishana.

Kuna jingine nataka kukuuliza kwa sababu nawajua walimu. Unakunywa maji kiasi gani ukiwa shuleni? Wengi wananiambia hawanywi, choo kiko mbali au hakifai, na kidonge cha presha kinawakojoza. Basi mtu anafunga mpaka saa tisa, na Septemba na Oktoba joto la hapa unalijua. Hapo hata msichana wa miaka 20 angekauka.

Nikiwa bado kwenye presha: dawa zinazokojoza ni moja ya sababu za kawaida za mdomo kukauka. Zimo pia baadhi ya dawa za aleji, za usingizi na za msongo wa mawazo. Kidonge cha presha kinachoitwa kaptoprili kinaweza hata kubadilisha ladha, mtu akahisi chuma mdomoni. Usiache hata kimoja kwa kusoma maneno yangu. Presha inaua, mdomo mkavu unaudhi tu. Beba pakiti zako zote kwa daktari anayekuandikia, mwambie mdomo unakauka, muulize kama kipo cha kubadilishwa au kama kile cha kukojoza unaweza kumeza asubuhi.

Huo ulimi unaowaka nao ni kesi ya peke yake, na nina deni nalo.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja, alikuja mama wa miaka 50, ulimi unawaka, mdomo mkavu. Nilimtazama, sikuona kidonda, nikamwambia, "Ni umri mama, vumilia," nikampa dawa ya kusukutua. Alirudi baada ya miezi minane akiwa amekonda, ana kidonda cha mguu kisichopona. Ilikuwa sukari. Ilikuwa sukari tangu siku ile ya kwanza, na kipimo kilikuwa chumba cha pili. Neno "umri" lilinifanya nisitembee hatua kumi.

Kwa hiyo kabla mtu yeyote, mimi nikiwemo, hajakuambia ulimi wako unawaka kwa sababu ya kukoma hedhi, upimwe. Wewe hasa. Umeandika kwa kupita tu kwamba miaka miwili ya mwisho damu ilikuwa inatoka nyingi mno. Mwanamke akitoka hivyo miaka miwili, madini ya chuma mwilini huisha, na upungufu huo unaweza kuufanya ulimi uwe laini, mwekundu, bila vile vinyweleo vyake, na uwake. Simama kwenye mwanga wa dirisha na kioo, toa ulimi nje. Ukiwa umeng'aa kama ulimi wa mtoto aliyelamba barafu nyekundu, nenda na habari hiyo. Omba kipimo cha picha kamili ya damu, sukari ukiwa hujala, na ikiwezekana madini ya chuma na vitamini B12. Mwambie daktari pia akuangalie fangasi, ambao kwenye mdomo mkavu hupenda kukaa kwenye pembe za midomo pakapasuka, au kuacha wekundu tu bila ule utando mweupe tunaoufahamu kwa watoto. Hivi vyote vina tiba, na ulimi hupoa.

Vikitoka safi vyote, ndipo tunaposema ni ugonjwa wa kinywa kuwaka. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na una tabia zake: asubuhi kimya, jioni moto, na ajabu yake ukila unapungua. Neva za ladha na maumivu ndizo zenye shida, ndiyo maana daktari haoni kitu hata akimulika. Wengi wanaokuja kwangu na hali hii usiku wanawaza saratani na hawamwambii mtu. Siyo saratani wala hauambukizi. Dawa za kutuliza neva zipo, kwa cheti cha daktari, na kwa wengine kuacha dawa ya meno yenye mnanaa mkali na povu jingi kunaleta nafuu wiki hiyo hiyo. Pilipili, karafuu na tangawizi kali uziweke pembeni kwanza.

Dawa za homoni nazo utaulizwa au utauliza. Wapo wanawake wanaozitumia kwa joto la mwili na usiku kulowa jasho, na baadhi hueleza kwamba mdomo nao ulipata unyevu. Lakini haziandikwi kwa ajili ya mdomo peke yake. Kwa mtu mwenye presha, zungumza na daktari wa wanawake akupimie faida na hatari zake.

Tuje kwenye hayo meno mawili yanayocheza. Hebu peleka ncha ya ulimi nyuma yake, upande wa ndani. Unahisi ukuta mgumu wenye mikwaruzo, kana kwamba kuna saruji kati ya meno? Huo ni ugaga, ukoga uliogeuka jiwe. Unapenda kujijenga pale kwa sababu tezi kubwa za chini ya taya zinamwagia mate yake chini ya ulimi, yenye madini, nyuma ya meno hayo hayo. Vijidudu vinavyoishi juu ya ugaga na chini ya fizi ndivyo vinavyofanya fizi ivimbe, itoe damu, kisha mfupa ulioshika jino uondoke. Estrojeni ilikuwa inazizuia zile seli zinazokula mfupa. Sasa breki imelegea, na miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya hedhi kukatika ndiyo mfupa unapotea kwa kasi zaidi, kwenye nyonga, kwenye uti wa mgongo na kwenye taya. Kukoma hedhi kumeongeza upepo tu, moto uliwashwa na ukoga. Ndiyo maana nina matumaini nawe: homoni siwezi kukurudishia, lakini ugaga nautoa leo.

Utaambiwa kwamba kusafishwa meno kwa mashine kunalegeza meno. Nimeisikia kwenye mitaa ya hapa mjini, Isevya na Ng'ambo, nimeisikia hata kwa wauguzi ninaofanya nao kazi. Ukuta ule wa saruji ukitolewa, meno yaliyokuwa yamefungwa pamoja yanajisikia huru, nafasi zinaonekana, na maji ya baridi yanachoma wiki moja au mbili. Ulegevu ulikuwepo, ugaga uliuficha. Baada ya wiki sita hadi nane fizi hujikaza, damu hukoma, na meno yanayocheza kidogo mara nyingi hutulia.

Na meno ya bandia? Nayatengeneza, kwa hiyo sizungumzi kwa chuki. Ila seti kamili ya juu hushikwa kaakaani na utando mwembamba wa mate. Wewe huna mate. Ya chini ni mbaya zaidi, inaelea juu ya fizi huku ulimi ukiisukuma, na kwenye ngozi nyembamba na kavu inachubua kila mlo. Jino likishang'olewa, mfupa wake nao huanza kusinyaa, zaidi katika mwaka wa kwanza, hivyo seti inayokaa vizuri leo italegea kesho kutwa na kuhitaji kurekebishwa wakati bima uliyoitaja pengine haipo. Ungekuwa umebadilisha meno mawili yanayocheza kwa meno 28 yanayocheza.

Nyumbani fanya hivi: mswaki laini mara mbili kwa siku, ya usiku isikose hata kama umechoka kusahihisha madaftari. Tazama boksi la dawa ya meno, iwe na floridi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni (ppm). Ukimaliza tema, usisukutue, iache ifanye kazi wakati umelala. Mkaa na majivu viache kabisa, mizizi iliyo wazi haiwezi kuhimili. Mswaki wa mti ni sawa ukiutafuna uwe laini, lakini hauna floridi, kwa hiyo upake dawa. Fizi zikiuma, maji ya uvuguvugu glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Zile dawa za kusukutua zenye kilevi zinakausha zaidi. Dagaa wanaoshuka na treni kutoka Kigoma wale na mifupa yao, na maziwa ukiyapata, taya nalo ni mfupa.

Hukusema kama unatumia ugoro au sigara. Mkoa wetu unalima tumbaku, siulizi kwa kukuhukumu. Ukiwa unatumia, yote niliyoandika juu ya fizi yanazidi, na kidonda chochote kisichopona ndani ya wiki mbili, au bakabaka jeupe au jekundu lisilofutika, kionwe na daktari bila kusubiri likizo. Na siku ukiandikiwa dawa za kuimarisha mifupa, zile za kundi la bisfosfoneti, mwambie daktari wa meno kabla hujaanza. Kung'oa jino ukiwa unazitumia kunaweza kuleta shida ya taya kutopona, kwa hiyo kazi za meno zitangulie.

Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, ina kitengo cha kinywa na meno. Nenda na pakiti za presha, boksi la dawa yako ya meno na majibu ya damu. Usiseme "nimekuja kung'oa". Sema fizi zinatoka damu na unataka zipimwe kina. Daktari ataingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, atakuwa anataja namba na mwenzake anaandika. Mbili na tatu ni nzuri. Tano, sita, hapo ndipo mfupa ulipoondoka. Baada ya kusafishwa, omba nakala ya karatasi ile uitunze na vyeti vyako vya shule, na baada ya miezi mitatu rudi nayo apime upya. Ukiona yale meno mawili yametoka sita yakaja nne, niandikie.